Mrejesho: resini iliyokuwa ikichuruzika ubavuni mwa boti

Wadau, nimerudi. Nililalamika hapa kwamba resini ya poliesta (ile gundi ya majimaji ya kupaka kwenye faiba) inachuruzika kila ninapoziba ubavu wa boti ya faiba, mkanishauri nichanganye unga wa silika, ule ambao chembe zake hazifiki nanomita 50. Nimeweka gramu 30 kwa kilo 1, kabla ya dawa ya kugandisha. Jamani! Ukiikoroga inalainika, inakubali brashi. Ukiiacha, chembe zinashikana upya kama wavu na resini inatulia palepale. Hata michirizi ya brashi imebaki ilipopita. Kopo la kwanza nilikoroga harakaharaka likajaa madonge, nikalimwaga. Na barakoa ni lazima, unga huo unapeperuka kwa pumzi tu. Ahsanteni sana.