Mjusi wangu hataki kushikwa, naombeni ushauri

Kiumbe_Chikongola: Habari zenu wakuu. Niko Mtwara mjini. Wiki ya kwanza hii nina mjusi wa kufuga, nampenda kwelikweli, ila hatulii. Nikipeleka mkono anajivimbisha, anatoa sauti kama tairi linalotoka upepo, na mkia anachapa kama fimbo. Panzi nikimpa hali mbele yangu. Nimzoeshe vipi akae mkononi? Usiku silali, nawaza atakufa.

Mama_Wawili_Lindi: Mjusi wa kufuga? Kwangu wapo ukutani bure na mbu wanamaliza. Fuga kuku mwanangu.

Mtambaazi: Mkuu, usimshike kwanza. Mwache wiki mbili bila kumgusa. Mpe pa kujificha, maji, sehemu ya jua na ya kivuli, achague mwenyewe. Siku ukianza, mkono uje kwa chini na pembeni. Ukija kwa juu anaona mwewe. Ila mjusi wa kuchapa mkia ni yupi huyo?

Kiumbe_Chikongola: Mjusi tu wa porini. Mwili na mkia vinazidi rula ya shule kidogo.

Mtambaazi: Ulimi wake ukoje?

Kiumbe_Chikongola: Umegawanyika kama wa nyoka. Haya, ni mtoto wa kenge. Nilijua nikisema kenge mtanicheka. Vijana waliokuwa wanaokota korosho kule Naliendele walimtoa kwenye shina la mkorosho uliokauka, panga liko juu. Nikawapa elfu tano. Ningemwacha auawe? Na fundi wa banda nimeshampa elfu arobaini.

Mjukuu_wa_Nyangao: Kenge! Nikiwa mdogo kwa bibi, kenge aliingia kwenye banda usiku, kuku analalia mayai kumi na moja. Asubuhi hakuna hata ganda. Bibi alikaa kizingitini hadi jua likawa utosini, hajatia kitu mdomoni. Yale mayai ndiyo yalikuwa ada yangu ya shule.

Ustaadh_Mikindani: Ndugu yangu, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inataka kibali kumfuga mnyama wa porini. Nenda TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Tena kumtenga kiumbe na kwao ni dhuluma.

Kiumbe_Chikongola: Shehe, nimemwokoa, sijamwiba. Na hatateseka, ana uwanja mzima, kamba yenyewe ni ndefu.

Mtambaazi: Kamba gani?

Kiumbe_Chikongola: Nimemfunga kiunoni asitoroke. Laini tu, ya katani.

Mtambaazi: Hilo ndilo ungeanza nalo! Kiumbe aliyefungwa hazoei mtu, anapigania roho. Kamba inakata ngozi na jua likimkuta hana pa kukimbilia. Kata leo. Mshike kifua na nyonga kwa pamoja, usimvute mkia, na unawe kwa sabuni, watambaazi hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha. Ujue pia akikua anapita mita moja, na meno yake yanavunja konokono na gamba lake.

Fundi_Redio: Wakuu, hii chai. Kwanza mjusi, halafu kenge, sasa kamba. Kesho atakuwa mamba. Picha hakuna.

Mama_Wawili_Lindi: Hata mimi nimeshtuka. Nani atoe elfu tano kwa kenge?

Mjukuu_wa_Nyangao: Mtu wa chai angejuaje ile sauti ya tairi? Mimi niliisikia, ndivyo ilivyo.

Fundi_Redio: Umeisikia kwa kenge wa bibi, siyo kwa huyu. Picha.

Kiumbe_Chikongola: Simu yangu kioo kimepasuka, kamera inaonyesha ukungu. Asiyeamini asiamini. Kamba nimekata sasa hivi. Ilikuwa imeacha alama nyekundu tumboni, sikuwa nimeiona. Amekimbilia nyuma ya debe, nimemwekea maji kwenye sahani.

Mtambaazi: Vizuri. Usimfuate huko.

Ustaadh_Mikindani: Na TAWA?

Kiumbe_Chikongola: Jumatatu. Nitawauliza kama naweza kumrudisha kwenye mkorosho uleule. Fundi nimemwambia asikate mbao kwanza.