Mashine ya presha ya nyumbani: ya kifundo, ya juu ya kiwiko au ya kupampu?

Kijana wa Mabatini
Habari za jioni wakuu. Mama anatumia dawa za presha, nataka awe anajipima nyumbani. Madukani hapa Mwanza mjini naonyeshwa aina tatu: ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, ya kufunga juu ya kiwiko, na ile ya kupampu kwa mpira yenye saa ya kusomea presha. Ipi ya kuaminika?

Dada Nyegezi
Baba yangu anayo ya kifundo, nyepesi, anaenda nayo hadi Ukerewe. Ila mkono lazima uwe usawa wa moyo. Akiuning'iniza, namba zinapanda. Akiuinua sana, zinashuka.

Mzee wa Kisesa
Mimi ningechukua ya kupampu. Haili betri, na hospitali wameitumia miaka yote.

Nesi Ilemela
Shikamoo mzee. Hiyo inataka mtu aliyefundishwa kusikiliza kwa stethoskopu (kile kifaa cha masikioni), na saa yake hukaguliwa mara kwa mara. Mama akiwa peke yake itamsumbua. Kijana, nunua ya betri ya juu ya kiwiko. Lakini kabla hujalipa, chukua futi ya fundi cherehani, zungushia mkono wa mama katikati ya bega na kiwiko, kisha linganisha na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda wa mashine. Mkanda ukiwa mdogo, presha itasoma juu kuliko ilivyo. Hapa ndipo wengi wanaumia.

Kijana wa Mabatini
Asante sana nesi. Na majibu je? Kwa jirani alipata 152/88, baada ya muda mfupi 138/84. Mashine mbovu?

Nesi Ilemela
Si lazima. Kama alikuwa ametoka sokoni akapanda huo mlima wenu, kipimo cha kwanza hakina maana. Apumzike dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza, mkojo ameshatoa, na asiongee. Chai na kahawa aache nusu saa kabla. Apime mara mbili, apishanishe dakika 1, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7. Siku ya kwanza iacheni, zilizobaki mtafute wastani. Nyumbani, wastani ukifika 135/85 tunaihesabu iko juu, ingawa kliniki mpaka wetu ni 140/90.

Dada Nyegezi
Na ikisoma 180/120?

Nesi Ilemela
Kama kuna maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, msisubiri kurudia: mpelekeni hospitali, Bugando au Sekou Toure, muda huohuo. Kama hana dalili, atulie dakika chache, apime tena. Ikibaki hapo, aonane na daktari siku hiyohiyo. Asijiongezee vidonge. Na kliniki ijayo aende na mashine yake pamoja na daftari, tuipime sambamba na yetu.