Yule "mtaalamu" wa kusafisha viwanja hapa Mbeya LEO KANIPA HONGERA

Mlalahoi wa Isyesye

Wakuu salaam, ila leo sina salaam ndefu.

Yule jamaa mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule mwenye kirikuu cheupe, vijana wake wanavaa fulana za njano zimeandikwa MTAALAMU mgongoni, kila grupu la WhatsApp kuanzia Mbalizi mpaka Uyole yumo anatupia picha za "kabla" na "baada". Huyo huyo. Jina sitaji, sina hela ya wakili, iliyokuwepo kaichukua yeye.

Kiwanja changu cha Isyesye kilikuwa pori, hilo sibishi. Miti ya miwati huku, vichaka vya lantana kule, alizeti pori imepanda mpaka jirani anaanikia nguo juu yake. Nikamwita mtaalamu. Akaja, akakizunguka mikono nyuma kama daktari anapita wodini, akachuma jani, akalinusa, akatikisa kichwa. "Bosi, hii kazi inataka utaalamu." Laki nne na nusu. Nikatoa. Vijana wakafyeka, chenso ikalia, wakalundika, wakawasha moto. Moto ule nina uhakika Malawi waliuona wakadhani jua limekosea njia. Jioni akanitumia picha ya "baada": kiwanja cheusi, safi, majivu matupu.

Mvua zikaja.

Wakuu, kilichoota pale, TFS wenyewe, wakala wa misitu, hawana kitalu cha namna hiyo. Miwati mitupu, imesongamana, ukidondosha sarafu haifiki chini. Visiki vya lantana vyote vimerudi, tena vimerudi na hasira. Alizeti pori imerudi na wadogo zake.

Leo mchana nikamwita aje aone. Kwa bahati mbaya baba mkwe naye alikuwa amepanda kutoka Tukuyu kuja kuona mahali atakapojengewa binti yake. Mzee wa watu kavaa koti lake la Jumapili. Tumesimama watatu. Namwonesha jamaa miche, namuuliza kwa heshima tu, kaka, hii ni nini?

Yule mtu akainama. Akang'oa mche mmoja wa muwati, taratibu, mzizi wote ukatoka. Akaukung'uta udongo. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hongera bosi. Ardhi yako ina rutuba."

HONGERA.

Mbele ya baba mkwe.

Mikono yangu iligoma kupokea. Sasa baba mkwe ni mtu wa adabu zake, kaona mgeni kanyoosha mikono na hakuna anayempokea, akaupokea yeye. Akasema "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa. Wakaagana vizuri kabisa, wanacheka. Mche kaondoka nao kwenye kosta, kaufunga kwenye mfuko na udongo kidogo. Saa hizi ninavyoandika mzee yuko Tukuyu anauchimbia shimo.

Nauliza habari ya hela yangu, naambiwa ile ilikuwa awamu ya kwanza. Awamu ya pili laki tatu. Halafu akanishauri, kwa sababu ananipenda, niachane na awamu ya pili, niiache ikue niuze nguzo.

Yaani mtu umemlipa aondoe miti, anakushikisha mti, anakupongeza kwa mti, na mti wenyewe unakwenda kupandwa ukweni. HONGERA!!!

Sitaki ushauri. Nataka watu wa kukasirika nami.

Chapati Mbili

Bila picha hii ni chai.

Mlalahoi wa Isyesye

Picha ya nini, ya baba mkwe amekumbatia mche?

Ndaga Fijo

Nimecheka mpaka nimeamsha mtoto. Mkuu, mahari ulimaliza lakini? Maana kama kuna deni, mzee keshajua una rutuba.

Bwana Miti Mstaafu

Vijana mnalipa hela ili mtu awapandie miwati.

Mbegu ya muwati ina ganda gumu. Inaweza kukaa ardhini miongo kadhaa, haiozi wala haioti, inangoja tu. Moto ukipita, ganda linapasuka. Ndiyo maana sisi kitaluni tulikuwa tunazimwagia mbegu hizo maji ya moto kabla ya kuzisia. Huyo bwana wako kakufanyia kazi ileile, kiwanja kizima, kwa kuni zako mwenyewe. Alichokitendea kiwanja kinaitwa kuotesha.

Mti wenyewe si wa huku. Asili yake Australia, ukaletwa kwa ajili ya magome, yana dawa ya kulainishia ngozi. Njombe pale kampuni ya miwati ipo tangu 1949, na kwenye mashamba yake muwati hauna ubaya. Ubaya ni ukitoroka. Muwati na lantana vyote viwili vimo kwenye ile orodha ya IUCN, shirika la uhifadhi wa mazingira duniani, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Wewe unao wote, na hati ya kiwanja juu.

Lantana nayo haifyekwi. Ukiifyeka umeipunguza nywele. Inachimbwa kwa sururu, kisiki kitoke na shingo ya mzizi, au ukate chini kabisa na upake dawa ya magugu palepale kwenye kidonda kabla hakijakauka. Vibegu vyake vyeusi ndege wanakula na kukuletea vingine, kwa hiyo usitegemee kumaliza mara moja.

Kwa sasa nenda ukang'oe miche kwa mkono maadamu mvua zipo. Udongo ukiwa tope, kitu cha chini ya goti kinatoka chote. Ukingoja kiangazi utakata shingo tu. Msimu ujao rudia, na mwingine tena. Usichome. Panda maharage au viazi, ardhi isikae wazi.

Mlalahoi wa Isyesye

Shikamoo mzee wangu. Nilisema sitaki ushauri. Niambie kitu kimoja tu: pale palikuwa mahali pa kusema hongera?

Bwana Miti Mstaafu

Marahaba. Kwenye rutuba hajakosea. Muwati ni jamii ya mikunde, unaongeza naitrojeni.

Mlalahoi wa Isyesye

Mzee na wewe!!!

Kisiki Hai

Samahani mkuu, laki nne na nusu ni pamoja na kuchoma? Naomba namba yake, nina nusu eka Iwambi.

Dada wa Mafinga

Na mimi nitumie. Huku wanataka laki saba na chenso ununue mafuta mwenyewe.

Mlalahoi wa Isyesye

Mmesoma kweli au mmeona bei tu?

Kisiki Hai

Nimesoma. Ila mimi baba mkwe wangu ni marehemu, haina shida.

Mama Bikoni

Wewe unalia na hongera? Huyo huyo, kirikuu hichohicho, alinisafishia kiwanja Itezi. Kang'oa bikoni mbili, alama za mipaka. MBILI. Akazipanga vizuri kwenye kona karibu na choo, akaniambia, "Mama, haya mawe yalikuwa yanaharibu fyekeo, nimekutolea bure." Jirani yangu aliyekuwa kimya miaka yote ghafla kapata nguvu ya kuchimba msingi. Sasa naambiwa nimlete mpimaji arudishe alama kwa gharama zangu, na jirani anasema atakubali matokeo yakimfaa.

Ndaga Fijo

"Nimekutolea bure." Huyu mtu apewe kipindi redioni.

Mlalahoi wa Isyesye

Mama pole, ila alikupongeza?

Mama Bikoni

Hakunipongeza.

Mlalahoi wa Isyesye

Basi.

Mtoto wa Igurusi

Mnaongelea bikoni, nyie mna bikoni. Mimi mpimaji nimemlipa tangu kabla ya Corona, kila nikipiga simu "mashine ipo Dodoma". Nadhani hiyo mashine ni mbunge.

Mkulima Kisasa

Mleta mada, hukutakiwa kuchoma alizeti pori. Ile inakatwa ikiwa mbichi, kabla haijatoa mbegu, inafukiwa kwenye matuta. Inaoza haraka na ina chakula kingi cha mimea. Mimi kabichi zangu nazilisha hiyo. Mmechoma mbolea.

Chapati Mbili

Kwa hiyo kachoma mbolea kaotesha miwati, kwa laki nne na nusu. Hapo hata mimi ningempa hongera.

Mlalahoi wa Isyesye

Nimekublock moyoni.

Mwana Rungwe

Lantana msiichezee. Ng'ombe wa mjomba alifungwa karibu na ua wa lantana, kiangazi, majani mengine hakuna, akala. Macho yakawa ya njano, ngozi ya mdomo na masikio ikaanza kubanduka kila akipigwa na jua. Bwana mifugo akasema ini limekwenda, mtoeni juani. Tukamficha zizini tumemfunika na maturubai, anatuangalia tu. Yule ng'ombe hakupona. Na mjomba bado ameiacha lantana kwa sababu mke wake anapenda maua yake.

Dada wa Mafinga

Pole ya ng'ombe.

Jirani Mwema 2

Mimi tatizo langu si miwati, ni milingoti (mikaratusi) ya jirani. Kaipanda kwenye chemchemi kabisa, kisima changu kinatoa matope kuanzia Agosti. Akaikata nikashukuru Mungu. Imechipua kwenye visiki, kila kisiki vichipukizi vinne, sasa ni mingi kuliko mwanzo. Nikamwambia sheria ya mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Akaniambia nilete futi.

Mtoto wa Igurusi

Mpimaji wangu anayo. Ipo Dodoma.

Kigamboni Mpya

Nyie wa nyanda za juu mnalalamika na mimea, mimea haitembei. Huku Dar tuna kunguru. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 eti wasaidie kula taka, leo wanakula taka, vifaranga, sabuni na mandazi ukiwa umeyashika. Kuna mmoja ananijua, nikitoka na mfuko anatangulia getini. Njooni na miwati yenu tubadilishane.

Ndaga Fijo

Kunguru kula sabuni ni kweli, nimeibiwa kipande Temeke mchana kweupe.

Mwana Rungwe

Sabuni wanapeleka wapi?

Kigamboni Mpya

Ndiyo swali letu sisi wote.

Mlalahoi wa Isyesye

Jamani. Uzi huu unahusu mtu aliyenipa HONGERA mbele ya baba mkwe. Tusitoke kwenye mada.

Chapati Mbili

Baba mkwe kasema nini kuhusu mche, umeshika?

Mlalahoi wa Isyesye

Kapiga simu saa hizi. Kaupanda karibu na migomba. Anauliza kama yule kijana mstaarabu anaweza kushuka kumsafishia shamba.

Ndaga Fijo

Hahahahahaha nalala chini.

Bwana Miti Mstaafu

Mwambie mzee aung'oe kesho asubuhi. Asiuache ufikie kutoa maua. Nasema kwa uzito kabisa.

Mlalahoi wa Isyesye

Nimwambie nini sasa? Kaupokea kwa mikono miwili. Mkwe hakatazwi zawadi.

Dada wa Mafinga

Mwacheni apande, muwati una kazi. Mkaa wake huo msiuchukulie poa, unakaa motoni, hauna cheche, maharage yanaiva mara moja.

Mtoto wa Igurusi

Mkaa wa muwati haufiki wa miombo, tusidanganyane.

Dada wa Mafinga

Umeupikia wapi? Watu wa Igurusi mnapikia pumba za mpunga mnakuja kutufundisha mkaa.

Mtoto wa Igurusi

Pumba zetu zinapika wali. Nyie mkaa wenu unapika viazi asubuhi, viazi mchana, viazi na chai jioni.

Mkulima Kisasa

Viazi vya Mafinga maji matupu. Viazi ni Njombe, tena vile vyekundu.

Jirani Mwema 2

Umbeya wa viazi muwaachie Wakinga, wao ndio wanavipeleka sokoni.

Mama Bikoni

Kuna mtu ana mpimaji mwaminifu Mbeya mjini? Serious.

Kisiki Hai

Dada wa Mafinga, huo mkaa una kibali au wa usiku? Na gunia bei gani ukifika Makambako?

Dada wa Mafinga

Una kibali cha TFS, mimi si muhuni. Bei njoo PM, hapa kuna maafisa wanasoma.

Kisiki Hai

Nimekuja PM. Mlalahoi, ile namba bado nasubiri.