Miwani kwa anayetumia mkono mmoja na kiti cha magurudumu: progresivu, baifoko au jozi mbili?

Nahodha_wa_Kiti
Wakuu, habari zenu. Naombeni tulinganishe hili pamoja, kwa sababu kila nikiuliza dukani naonyeshwa fremu inayopendeza usoni, basi. Mkono wangu wa kushoto umepooza kutokana na kiharusi. Nakaa kwenye kiti cha magurudumu chenye egemeo la kichwa, na mara nyingi nakilaza nyuma kidogo ili mgongo upumzike. Miwani navaa na kuvua mwenyewe kwa mkono wa kulia. Mbali sioni vizuri, na siku hizi hata maandishi ya karibu yananisumbua.

Machaguo niliyo nayo ni progresivu (mbali, kati na karibu kwenye lenzi moja isiyo na mstari), baifoko yenye mstari (juu mbali, chini karibu), au jozi mbili, ya mbali na ya kusomea. Kwa fremu nasita kati ya plastiki nene na chuma chembamba chenye springi kwenye bawaba. Mngekuwa mimi, mngechukua ipi?

FundiLenzi
Mkuu, pole na hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa. Kwanza nikuulize: baada ya kiharusi ulipimwa upana wa kuona, au ulisomeshwa herufi za ukutani tu? Kiharusi kinaweza kufuta nusu ya picha upande mmoja kwa macho yote mawili, na mtu akadhani lenzi zake zimeisha nguvu. Lenzi kali zaidi hairudishi upande huo. Kuna prizimu zinazobandikwa kwenye lenzi kusogeza picha ya upande uliopotea, lakini hiyo ni kazi ya mtaalamu wa macho, na ifanyike kabla hujachagua fremu.

Sasa progresivu. Sehemu ya mbali iko juu, ya kusomea iko chini, na katikati kuna njia nyembamba ya kupita jicho. Pembeni mwa njia hiyo picha inapinda. Vipimo vya urefu huchukuliwa mtu akiwa amekaa wima, anatazama mbele. Wewe ukilaza kiti, kidevu kinapanda, na unapotazama mbele macho yanapita sehemu ya chini ya lenzi, yaani ile ya kusomea. Mlango wa mbele yako unakuwa ukungu. Baifoko ina shida hiyo hiyo, ila mstari wake ukiwekwa chini zaidi unakuachia nafasi kubwa ya mbali.

Kwa hiyo ukitaka progresivu, nenda na kiti chako, kaa unavyokaa siku zote, na udai vipimo vichukuliwe hapo hapo. Usikubali kuhamishiwa kwenye kiti cha duka.

Tausi_Mweupe
Natembea kwa magongo, kwa hiyo nasema kutoka upande wangu. Progresivu zilinipa taabu kwenye ngazi. Nikitazama mguu naukanyagisha wapi, nilikuwa natazama kupitia sehemu ya kusomea na ukingo wa ngazi unafifia. Mtu anayeweza kuanguka asichukulie hilo jambo dogo. Sasa nina miwani ya mbali tu kwa kutembea, na ya kusomea inaning'inia shingoni kwa kamba. Mikono yangu iko kwenye magongo, siwezi kuhangaika na kipochi.

Nahodha_wa_Kiti
Dada Tausi, hoja yako naielewa. Wasiwasi wangu ni kubadilisha jozi kwa mkono mmoja. Kufungua kipochi tu ni kazi.

FundiLenzi
Achana na kipochi ukiwa nyumbani. Weka mezani kishikio kinachokaa na miwani ikiwa imefunguliwa tayari. Unaishika katikati, juu ya pua, unaipeleka usoni moja kwa moja. Hapo ndipo springi inapoingia. Anayevua kwa mkono mmoja huvuta upande mmoja, na fremu ya kawaida hupanuka na kukaa upande. Bawaba ya springi inafunguka kupita kawaida na kurudi, kwa hiyo fremu inadumu na umbo lake. Mwambie fundi akaze skrubu kiasi, ili mikono ya fremu isijifunge ikiwa hewani.

Plastiki nene ina tatizo jingine kwako: mara nyingi pedi za pua hazirekebishiki. Chuma chenye pedi ndogo kinaweza kusogezwa juu, chini au ndani, jambo la maana kama uso umelegea upande mmoja. Titani safi ni nyepesi na haina nikeli, ila zile fremu zinazopindika na kurudi huweza kuwa na titani iliyochanganywa na nikeli, kwa hiyo mwenye mzio aulize.

MamaZuhura
Mwanangu ana mtindio wa ubongo, na egemeo la kichwa ndilo adui yetu mkubwa. Ncha za mikono ya fremu zinazopinda nyuma ya sikio zinagonga egemeo, miwani inasukumwa mbele, inaishia mdomoni. Tulipata nafuu kwa fremu laini isiyo na bawaba kabisa, yenye mkanda unaozunguka kichwa. Nahodha, kama kichwa chako kinagusa egemeo, omba mikono iliyonyooka au ifupishwe. Soma namba zilizoandikwa ndani ya fremu, mfano 52-18-140: upana wa lenzi, daraja la pua, urefu wa mkono, vyote kwa milimita. Mwenye 145 na mwenye 135 hawapati raha sawa kwenye kiti.

Nyingine: mtoto wangu hawezi kusema panamuuma. Kila jioni natazama nyuma ya masikio na kwenye daraja la pua kama kuna wekundu. Wazazi wenzangu, ombeni pia kipimo cha kuona karibu, kwa kuwa watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hupata shida kulenga macho kwenye kitu cha karibu hata kama mbali wako sawa.

Bahari_Tulivu
Lenzi je? Mimi kichwa kinatikisika na miwani inaanguka sana.

FundiLenzi
Polikaboneti au Trivex (plastiki mbili zisizovunjika kirahisi), usichukue kioo. Kwa uzito, sentimita moja ya ujazo ya Trivex ni gramu 1.11, polikaboneti 1.20, plastiki ya kawaida ya CR-39 ni 1.32, na kioo kinakaribia mara mbili ya hapo. Polikaboneti haivunjiki kirahisi ila inachubuka haraka, lazima iwe na mpako mgumu. Kama namba yako, yaani nguvu ya lenzi unayohitaji kuona mbali, ni kubwa, chagua fremu ndogo ya mviringo. Kingo zitapungua unene kuliko utakavyopata kwa kulipia lenzi ghali kwenye fremu kubwa.

Jicho_Linaongea
Wanaotumia kompyuta kwa macho, yaani kamera inayofuata mboni: mstari wa baifoko na mng'ao wa lenzi vinaweza kuichanganya. Kwangu lenzi zenye nguvu moja tu, zisizogawanywa mbali na karibu, zenye mpako wa kuzuia mng'ao ndizo zilizofanya kazi.

Mjukuu_wa_Pwani
Na lenzi za kuwekwa jichoni hamzitaji?

FundiLenzi
Zinadai vidole vyenye ustadi na jicho linalofumba vizuri. Baada ya kiharusi kope la upande uliolegea huenda halifumbi sawasawa, jicho linakauka. Akiwepo mtu wa kukuvalisha na kukuvua kila siku bila kukosa, jadiliana na daktari wa macho. Binafsi nisingeanza huko.

Nahodha_wa_Kiti
Asanteni sana. Nilimwomba mdogo wangu anipige picha kutoka ubavuni nikiwa nimekilaza kiti. Kidevu kiko juu kuliko nilivyodhani, kwa hiyo progresivu naziacha. Nachukua jozi mbili: ya mbali iwe ya chuma yenye springi na mikono iliyonyooka, ya kusomea ikae mezani kwenye kishikio. Upana wa kuona nitapimwa kwanza. Swali la mwisho: lenzi zinazobadilika rangi juani zinafaa, ili nisibebe miwani ya tatu?

FundiLenzi
Kwa kiti cha nje, ndiyo, na kwa mkono mmoja ni nafuu kubwa. Ila zinaitikia mionzi ya urujuanimno, na kioo cha mbele cha gari huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, hivyo ndani ya gari hazitakuwa nyeusi vya kutosha. Pia ukitoka juani kuingia ndani, subiri kidogo zirudi kuwa angavu kabla hujashika kizingiti au rampu.