Yule mtu amenipigia MWAYO kwenye maiki nikiuliza kozi ya uhandisi wa fedha!!

Wakuu, natetemeka hapa, vidole vinakosea herufi, mnivumilie. Jina sitaji. Mnamjua. Yule yule anayejibu maswali ya kila anayetaka kusoma uzamili wa uhandisi wa fedha, ukimsalimia anakurudishia mlinganyo. Leo kwenye kikao chake cha mtandaoni, umati wote ukisikiliza, AMENIPIGIA MWAYO.

Narudia. Mwayo. Maiki ikiwa wazi.

Na swali langu lilikuwa la adabu kabisa. Nimepata nafasi sehemu mbili. Moja ni ya mwaka mmoja, iko shule ya biashara, ada yake inaliza, ila ripoti yao ya ajira inang'aa. Nyingine iko idara ya hisabati, miaka miwili, ada nafuu, katikati kuna likizo ndefu ya kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo, lakini mwaka wa kwanza mzima ni nadharia ya vipimo (hisabati nzito iliyo msingi wa uwezekano) na kalkulasi ya stokastiki (hesabu za vitu vinavyobadilika kwa bahati nasibu), na C++, lugha ya kuandikia programu, wanakuachia upambane nayo mwenyewe. Ndiyo kwanza nafika kwenye "sasa hiyo ripoti inasema asilimia..." nikasikia HAAAAAAUUUUH.

Ule mwayo ulikuwa mrefu kuliko hati fungani ya miaka 30. Ulipokwisha, kila opsheni sokoni (mkataba wa haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa) ilikuwa imeshapitwa na muda na kufa na thamani ya sifuri.

Halafu akasema nini? "Haya, anayefuata." ANAYEFUATA! Na huyo anayefuata akauliza eti lugha ya programu ya Python peke yake inatosha, akajibiwa taratibu, kwa upole, akaitwa na "mdogo wangu" juu.

Mimi nilijiandaa jamani. Najua Black na Scholes walitoa makala yao ya kukokotoa bei ya opsheni 1973. Najua Nobel ya 1997 walichukua Merton na Scholes kwa sababu Black alishafariki 1995. Itô, yule mwanahisabati wa kalkulasi ya stokastiki, namtamka bila kusitasita. Mtu kama mimi ni wa kupigiwa mwayo? Angekohoa ningemsamehe. Kikohozi ni ugonjwa, mwayo ni maoni.

Ushauri sitaki. Nataka mnisaidie kukasirika.

Sigma Mdogo: Pole mkuu. Ila nilikuwepo. Ulikuwa unasoma swali kwenye karatasi, na ukurasa wa pili tuliusikia ukifunuliwa. Mimi nilisinzia kwenye neno "idara".

Binti Matriki: Wewe shukuru. Mimi aliniuliza nilipata ngapi aljebra ya mstari. Nikamtajia. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Mwayo angalau ni sauti ya binadamu.

Mleta uzi: Binti, kimya hakina taya. Huu nilizisikia taya zikifunguka.

Mzee wa Vekta: Mwayo kando kidogo. Hiyo ripoti ya ajira uliisoma tanbihi? Asilimia ya nani: darasa zima, au wale tu waliokuwa wanatafuta kazi na wakajibu dodoso? Halafu angalia vyeo, usiangalie mshahara peke yake. Wapo wengi wanaitwa kwanti, yaani watu wa hisabati za fedha, na kazi yao ni kukagua modeli za hatari za benki. Ni kazi ya heshima, ila usiende ukidhani siku ya kwanza utakabidhiwa mtaji ubuni mikakati.

Mleta uzi: Asante Mzee. Sasa ona, hilo ndilo NILILOKUWA NAULIZA, nikakatwa na mwayo!

Kwanti Mstaafu: Mwaka mmoja una ubaya gani? Chuo cha Berkeley kule California wanaanza Machi, mwaka mmoja, mafunzo kwa vitendo yamo humo humo. Baruch ni chuo cha umma pale New York, ada iko chini ya majirani zake na jina liko juu. Biashara au hisabati ni bango la mlangoni tu. Uliza nani anafundisha na nani anakuja kuajiri. Swali ulilouliza, kwa kweli... haaauuuh.

Sigma Mdogo: 😂😂😂 Mkuu kapigwa wa pili.

Hedji ya Michongoma: Na hiyo Nobel anayojitapia nayo! Hao wawili, Merton na Scholes, ndio walikuwa kwenye LTCM, ule mfuko wa uwekezaji wa Marekani. 1998 mfuko ukaenda chini, Fed ya New York, tawi la benki kuu ya Marekani, ikayaita mabenki kikaoni, yakachanga kama dola bilioni 3.6 kuunusuru. Mleta uzi anakwenda kulipia ada ajifunze kuzama kisomi.

Mzee wa Vekta: Usipotoshe. Kilichowamaliza ni mkopo uliopitiliza. Ukikopa kiasi kile, hata dau zuri linakuua kabla halijalipa.

Hedji ya Michongoma: Na modeli ndiyo iliyowapa ujasiri wa kukopa, mzee wangu.

Binti Matriki: Mnalilia mwayo wakati mimi mwalimu aliniambia barua ya mapendekezo niandike mwenyewe, yeye atatia sahihi. Nikajisifu ukurasa mzima. Akaipitia, akafuta "ni mahiri", akaandika "huhudhuria".

Jina Limechukuliwa: Mimi nililipa ada ya maombi usiku, nikakataliwa kabla sijaamka. Sijui nani alisoma lile faili.

Mleta uzi: Wakuu, mada ni MWAYO.

Kwanti Mstaafu: Kwa nini usiende uzamivu? Kule mara nyingi wanakulipa wewe. Huku unawalipa wao.

Sigma Mdogo: Aende uzamivu apigiwe mwayo na jopo zima?

Jina Limechukuliwa: Wote mtaishia kwenye usaili ule ule. Mimi niliulizwa: unatupa sarafu mpaka upate kichwa mara mbili mfululizo, kwa wastani utatupa mara ngapi?

Hedji ya Michongoma: 4.

Binti Matriki: 6. 4 ni ya kichwa kikifuatiwa na mkia.

Mleta uzi: Acheni hizo. Kichwa-kichwa na kichwa-mkia yote uwezekano wake ni robo, wastani utatofautianaje?

Binti Matriki: Ukisubiri kichwa-mkia na kichwa umeshakipata, ukikosea umetupa kichwa kingine, bado unacho mkononi. Ukisubiri kichwa-kichwa, ukikosea umetupa mkia, unaanza upya kabisa.

Hedji ya Michongoma: Sikubali. Ni 4.

Mleta uzi: Ngoja. Ngoja kidogo. Basi ya vichwa vitatu mfululizo ni ngapi?

Binti Matriki: 14.

Hedji ya Michongoma: 14 umeitoa wapi??