Pawa stesheni ndogo, betri na inveta ya fundi, au jenereta: ipi inafaa nyumba ya Wete?

Mkaazi wa Limbani

Assalaam alaykum. Naomba mnisaidie kulinganisha kabla sijatoa fedha yangu. Nyumba yetu ipo Wete, Pemba, na umeme unapokatika usiku mara nyingi hurudi baada ya muda wa saa mbili au tatu, ingawa zipo siku unapitiliza hadi alfajiri. Mwanangu ana pumu na hutumia mashine ya mvuke ya kuvutia dawa, ambayo kibandiko chake kimeandikwa wati 140. Kilichonifanya nianze kutafuta ni usiku mmoja tuliolazimika kumpeleka kwa jirani mwenye jenereta, saa nane, mvua ya masika ikinyesha. Mbali na mashine hiyo nahitaji feni moja, taa mbili, ruta ya intaneti na kuchaji simu mbili. Friji si lazima.

Njia nilizoziona ni tatu: pawa stesheni ndogo ya kubebeka (sanduku lenye betri na inveta ndani yake), betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) vitakavyofungwa na fundi, au jenereta ndogo ya petroli. Kila muuzaji anasifu alichonacho dukani, na bajeti yangu ni ya mshahara.

Fundi wa Chake

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kabla ya jina la kampuni, tenganisha mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi. Wati ni nguvu ambayo chombo kinaweza kutoa kwa mara moja, na wati-saa, zinazoandikwa Wh kwenye kibandiko, ni akiba iliyomo ndani. Chombo chenye wati 600 na akiba ya Wh 268 kitawasha vitu vizito, lakini kwa muda mfupi, sawa na tangi dogo lenye bomba pana.

Sasa tufanye hesabu ya nyumba yako kwa saa nne. Mashine ya mvuke ikitumika mara mbili, robo saa kila mara, ni Wh 70. Feni ya kawaida ya meza ya wati 45 ni Wh 180, taa mbili za wati 9 ni Wh 72, ruta ya wati 10 ni Wh 40, na simu mbili tuzikadirie Wh 30. Jumla ni Wh 392. Inveta ya ndani nayo inakula, kwa hiyo mimi huhesabu asilimia 85 tu ya kilichoandikwa: chombo cha Wh 256 kitakupa kama 218, na kwa matumizi haya kitazima kabla ya saa ya tatu.

Mwizi hapo ni feni. Ukinunua feni ya volti 12, zile zinazouzwa pamoja na vifaa vya sola, hutumia wati 15 hadi 20 na huchomekwa kwenye tundu linalofanana na la gari bila kupitia inveta. Fanya hivyo, tumia taa za USB za wati 5, na mahitaji yako ya saa tatu yatashuka hadi kama Wh 214. Chombo cha Wh 256 kitakutosha, lakini kwa kubana sana.

Binti Mlandege

Nakubaliana na hesabu ya Fundi, na naongeza upande wa vyombo vyenyewe, kwa sababu nimevishika vingi kazini. Angalia kwanza aina ya betri. EcoFlow River 2 (Wh 256, wati 300) na Bluetti EB3A (Wh 268, wati 600) zote zina lithiamu ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4, na watengenezaji wake wanahesabu mizunguko ya kujaza na kumaliza chaji 3,000 kwa ya kwanza na 2,500 kwa ya pili kabla akiba haijashuka hadi asilimia 80. Jackery Explorer 240 ya zamani, ambayo bado inazunguka madukani kwa bei ya kuvutia, ni ya lithiamu ya aina nyingine na mizunguko yake ni 500. Mtu anayeitumia kila baada ya siku moja ataimaliza hiyo mizunguko 500 ndani ya miaka mitatu. Jackery hiyohiyo ina Explorer 300 Plus, Wh 288, ambayo ni LiFePO4. Kwa hiyo usinunue kwa jina, soma kibandiko.

Kwa uzito pia kuna tofauti: River 2 ni kilo 3.5, EB3A ni kilo 4.6. Kwenye hivi visivyo na jina, uzito ndio shahidi wangu wa kwanza. Chombo kinachodai Wh 1,000 kisha unakinyanyua kwa vidole viwili, kina kilo tatu, kimekudanganya, kwa sababu seli peke yake, yaani vipande vya betri vilivyomo ndani, za akiba hiyo zingeupita uzito huo. Ujanja mwingine ni kuandika mAh (miliampi-saa) kwa herufi kubwa. Mtu anaona 80,000 akadhani ni mzigo mkubwa, kumbe ukigawa kwa 1,000 kisha ukazidisha kwa volti 3.2 za seli unapata Wh 256 zilezile.

Wenye jamaa nje nao wawe na hadhari. Chombo kilichotumwa kutoka Marekani hutoa volti 120 kwa herzi 60, na feni zetu za volti 230 na herzi 50 hazitaelewana nacho. Cha Muscat au Dubai hakina tatizo hilo, na plagi yake ya pini tatu za mraba inaingia kwenye soketi zetu moja kwa moja. Asijaribu mtu kukibeba ndani ya ndege, maana betri inayopita Wh 160 hairuhusiwi kwa abiria; kitakuja kwa shehena ya meli.

Mzee wa Mkoani

Wanangu, jenereta msiidharau. Kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kuwashwa mwaka 2010, kisiwa hiki kiliishi kwa jenereta za dizeli. Wenzetu wa Unguja walipokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kila aliyeweza alinunua jenereta, na hakuna betri ndogo ambayo ingemvusha miezi mitatu ile. Jenereta ina mafuta yake, ukitia inaendelea.

Hata hivyo, kwa mtoto mwenye pumu mimi mwenyewe nisingeishauri. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, haifai kuwekwa barazani wala karibu na dirisha, na nyumba zetu ziko karibu karibu. Ukiiweka mbali, itabidi mtu atoke na mvua kuivuta kamba saa nane za usiku.

Kipanya wa Jambiani

Mimi nimetumia njia ya fundi kwa miaka minne, na bei yake kwa kila wati-saa ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote nilizoulizia. Kosa langu lilikuwa betri ya risasi, aina ile ya magari. Betri ya volti 12 na Ah (ampi-saa) 100 inasomeka Wh 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo uliyonunua kwa hakika ni Wh 600. Nayo ina uzito wa kilo thelathini, si kitu cha kuhamisha kutoka chumba hiki kwenda kile. Baada ya miezi kumi na minane ilikuwa haifikishi saa mbili. Nilipobadilisha nikaweka ya LiFePO4 ya Ah 100, ambayo ni kama kilo kumi na mbili, mambo yalitulia.

Kosa la pili lilikuwa inveta ya bei ya chini, ya mawimbi ya ngazi, yaani umeme wake hupanda na kushuka kwa hatua. Feni ilinguruma kama mdudu ndani ya kopo na mota yake ikapata moto. Ndugu wa Limbani akienda njia hii adai inveta ya mawimbi laini kama ya umeme wa shirika, na adai fyuzi karibu na betri, kitu ambacho fundi wangu alikiona cha anasa.

Mkaazi wa Limbani

Nimefahamu mengi. Swali moja: kwenye paa nina paneli ya wati 300 iliyobaki kwenye mradi wa pampu. Je, naweza kuchajia pawa stesheni ndogo, ili nisitegemee umeme wa Tukuza, huu wa kulipia kabla, peke yake?

Fundi wa Chake

Usiichomeke. Paneli kubwa ya aina hiyo, ikiwa juani bila kuunganishwa na kitu, huweza kufika volti 40, wakati River 2 inapokea volti 11 hadi 30 na EB3A 12 hadi 28. Ukizidisha wati, chombo kinachukua kinachoweza na kuacha kilichobaki. Ukizidisha volti, unakiunguza, na dhamana haitakusaidia. Tafuta paneli ya wati 100 yenye volti kama 20, na utegemee wati 70 hivi kwa jua zuri. Kwa Wh 256 hiyo ni kama saa nne. Wakati wa masika usiiwekee ahadi.

Ushauri wangu ni upande wa Wh 500, kwa mfano River 2 Max yenye Wh 512 na kilo sita, kwa sababu Wh 256 inakufikisha saa tatu na wewe umesema zipo siku za alfajiri.

Muuguzi wa Konde

Kidogo nje ya mada, lakini ni jambo la mtoto. Muulizeni daktari wake kuhusu dawa ya kupuliza pamoja na chombo chake cha plastiki cha kuvutia hewa. Kwa mashambulizi mengi yasiyo makali hufanya kazi sawa na mashine, haihitaji umeme kabisa, na mtaingia mkobani nayo hata safarini. Chombo cha umeme mnunue, ila hiyo iwepo pia.

Mkaazi wa Limbani

Narudi na habari. Daktari amekubali na tumeandikiwa. Jumamosi nilikwenda Chake na mashine ya mvuke mkobani. Muuzaji wa kwanza alikataa nisiijaribu dukani kwake, nikatoka. Wa pili alifungua sanduku la Wh 512, akanipa kiti, nikaiwasha mashine kwa robo saa huku tukinywa chai. Skrini ilionyesha wati 131, na asilimia ikashuka kutoka 100 hadi 92. Nimelipa nusu, na ameniwekea kando hadi mwisho wa mwezi. Feni ya volti 12 nimeshaichukua.