Bima wananizungusha fidia ya mguu, Jumatatu wananiita kwa mahojiano. Naombeni ushauri

Kijana_Veyula
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya bima. Wenye matusi mpite tu.

Niko hapa Dodoma. Miezi ya nyuma ilitokea ajali maeneo ya Nanenane, IST iligonga bodaboda. Mimi nimevunjika mguu wa kulia chini ya goti. IST ina bima ndogo, PF3 ya polisi ipo, ripoti ya daktari ipo, madai yameshapelekwa. Mwanzo waliniambia nisubiri, baadaye simu zikawa hazipokelewi. Juzi wamenipigia wenyewe: kuna mpelelezi wao anataka tuonane Jumatatu, na niende na picha zote za eksirei, hadi ile ya kwanza kabisa.

Je, ni lazima niende na hiyo ya kwanza? Nikisema imepotea watanifanya nini? Na mguu kwa kawaida wanalipa shilingi ngapi? Nina mke na mtoto mchanga, kodi inaisha, kazi sifanyi.

Mzabibu_Hombolo
Pole sana mkuu. Bima ni majambazi wenye tai. Mwaka mzima nalipa 118,000 yangu ya bima ndogo bila kukosa, siku fuso limenivunjia taa pale Kibaigwa, dereva akakimbia, naenda kwao naambiwa bima ndogo ni kwa ajili ya yule niliyemgonga mimi, siyo mimi niliyegongwa. Nikauliza, sasa mimi nanufaika na nini? Yule dada akacheka. Wabane hao hao, usiwaachie hata mia.

Bi_Mkubwa_Makole
@Mzabibu_Hombolo dada alicheka kwa sababu hukusoma ulichonunua, baba. Ukikata ndogo, gari lako ni juu yako.

Mzabibu_Hombolo
Anayesoma yale maandishi ya chungu ni nani, Bi Mkubwa?

Trafiki_Mstaafu
Kijana, nimekaa barabarani miaka mingi, nimeandika ajali nyingi kuliko barua. Maelezo yako nimeyarudia kuyasoma. Unasema IST iligonga boda. Unasema umevunjika mguu. Hujasema popote kwamba ulikuwa umepanda hiyo boda. Ulikuwa dereva, abiria, au mpita njia?

Kijana_Veyula
Kwenye PF3 nimeandikwa abiria.

Trafiki_Mstaafu
Sijauliza umeandikwa nini.

Chai_ya_Rangi
Nasogeza kigoda. Karanga nani analeta?

Kijana_Veyula
Wakuu msinihukumu haraka, mnisikilize kwanza. Mguu ni wangu na umevunjika kweli, nilifungwa hogo, ile plasta ngumu, kuanzia pajani, siyo maigizo. Nilikuwa saidia fundi kwenye saiti moja upande wa Mtumba. Mirunda ikaachia, nikaanguka na ndoo ya zege. Msimamizi akanipakia kwenye gari, akalipia picha na hogo, akanipa elfu hamsini ya nauli, akasema huna mkataba hivyo usije ukaleta maneno. Tangu hapo namba yangu kaizuia.

Nikiwa ndani na magongo akaja jamaa anayejiita wakala wa fidia. Akasema kuna ajali imetokea, dereva wa boda kachubuka tu, gari lina bima, nafasi ya abiria iko wazi. Nikajiuliza nani anaumia hapo? Bima wana hela, kazi yao ni kulipa. Tumekubaliana achukue asilimia 40. Laki tatu ameshanipa, nimelipa kodi na maziwa ya mtoto. Nikirudi nyuma leo hiyo laki tatu nairudisha na nini?

Kwa hiyo swali langu ni lile lile, picha ya kwanza niende nayo au nisiende?

Mbeba_Box_Leicester
Aah, kumbe na kwetu imefika. Huku Uingereza watu walikuwa wanafunga breki ghafla makusudi ili wagongwe kwa nyuma, halafu gari zima linashuka likishika shingo. Maumivu ya shingo hayaonekani kwenye picha, ukisema inauma inauma. Bima za magari zikapanda kwa kila mtu, hata bibi anayetoa gari Jumapili kwenda kanisani. Mwisho serikali ikaweka viwango kwa sheria kuanzia 31 Mei 2021. Ukiumia shingo ukapona ndani ya miezi mitatu, ilikuwa pauni 240, basi. Mimi niligongwa kweli, nikakaa wiki sigeuki kitandani, nikapimwa kwa kipimo kile kile walichotungiwa matapeli. Usiniambie haumii mtu.

Mzabibu_Hombolo
Pauni 240 kwa shingo? Naitoa kesho, nitumie nauli.

Nairobi_Dodoma_Express
Kenya ndiyo msiguse. Kampuni zilizokuwa zinakatia matatu bima, nyingi zimeanguka, United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi 2005, Blue Shield ikafuata 2011. Madai ya ajali yalikuwa mlima, ya kweli na ya kupikwa humo humo. Kampuni ikianguka, aliyekatwa mguu kweli anabaki na hukumu ya mahakama mkononi na hakuna wa kumlipa.

Mwl_Mstahiki
Naomba kuuliza kuhusu yule wa IST, maana naona mnazungumzia makampuni tu. Dereva ni nani?

Kijana_Veyula
Ni mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi.

Mwl_Mstahiki
Na kesi yake ya trafiki imefikia wapi?

Kijana_Veyula
Sijui. Wakala alisema yeye hadhuriki, bima ndiyo inalipa.

Mwl_Mstahiki
Mdogo wangu, hiyo bima inalipa pesa. Haikai kizimbani badala yake. Ajali ya dereva wa boda kuchubuka na ajali ya abiria kuvunjika mguu haziandikwi shtaka la uzito mmoja. Huyo mama amesimama mbele ya hakimu kwa mguu ambao hakuuvunja. Umeshawahi kuonana naye?

Kijana_Veyula
Alikuja nyumbani mara moja.

Bi_Mkubwa_Makole
Alikuja na nini?

Kijana_Veyula
Na mumewe. Walileta juisi, mkate, na bahasha. Mke wangu ndiye alipokea, mimi nilikuwa nimelala. Sikumwomba.

Bi_Mkubwa_Makole
Ulikuwa umelala au ulikuwa umejilaza?

Chai_ya_Rangi
Bi Mkubwa leo anakata bila ganzi.

Dada_wa_Ajira
Jamani mniachie nafasi, kuna kitu kikubwa mnakiruka. Nafanya kazi idara ya utumishi, kampuni siitaji.

@Kijana_Veyula wewe ULIKUWA NA HAKI YAKO HALALI. Uliumia kazini. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Julai 2015. Waajiri ndio wanaochangia, asilimia 0.5 ya mishahara, wewe hukatwi kitu. Kukosa karatasi ya mkataba hakufuti ukweli kwamba ulikuwa kazini kwake, na mwajiri kutojisajili ni kosa lake, siyo lako. Mfuko unagharamia matibabu, na kwa muda ambao huwezi kufanya kazi unalipwa asilimia 70 ya kipato chako, hadi miezi 24. Ukibaki na ulemavu kuna hesabu yake nyingine. Asilimia 40 ya wakala haimo humo.

Sasa sikia ubaya wake. Madai yanatakiwa yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Halafu utaenda kule na mguu gani? Wa saiti au wa boda? Umeshasaini kwamba huo mguu ulivunjikia Nanenane. Kesho ukisema ulivunjikia Mtumba, msimamizi wako hahitaji hata wakili, atatoa nakala ya PF3 yako mwenyewe.

Kijana_Veyula
WCF mbona hakuna aliyeniambia? Msimamizi alisema vibarua hawahusiki. Wakala naye alisema hiyo ni ya wafanyakazi wa serikali tu. Na dada, kwa hali niliyokuwa nayo ningesubiri mfuko huku mtoto analia? Wakala alikuja na hela mkononi. Ninyi mnakuja na vifungu.

Mpiga_Picha
Nipo chumba cha eksirei, hospitali siitaji. Nitasema kidogo tu. Picha ina jina na tarehe. Na mfupa wenyewe una tarehe yake: ukishakaa wiki kadhaa unaanza kujijengea pale palipovunjika, na hilo linaonekana. Mfupa wa jana hauna hiyo kitu. Mpelelezi anayeomba picha ya kwanza ameshaona kitu kwenye ya pili.

Kijana_Veyula
Ni wiki ngapi hasa ndiyo inaanza kuonekana? Na inategemea umri au mashine?

Kibuyu_cha_Asali
Haya, simameni hapo hapo. Hilo siyo swali la mgonjwa.

Nimepitia nyuzi za huyu ndugu. Mwezi wa tatu alikuwa Geita anauliza bajaji ya mkopo. Kabla ya hapo aliuliza humu namna ya kuhakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, akaelekezwa vizuri tu. Saidia fundi anahakiki stika ya gari gani? Hii ni chai. Huyu ndiye wakala mwenyewe, kakutana na mpelelezi mkali, amekuja kujifunza kwetu ili mteja ajaye asikamatwe.

Chai_ya_Rangi
Na ina tangawizi.

Mzabibu_Hombolo
Au ni mpelelezi wa bima anatupima tunavyofikiri. Mimi naomba ule utani wangu wa shingo ufutwe.

Kijana_Veyula
Geita nilikuwa kwa kaka yangu, ndiye aliyetaka bajaji na simu ilikuwa yake. Stika niliulizia kwa ajili ya mtu. Mnataka niweke picha ya mguu?

Trafiki_Mstaafu
Usiweke. Na hata kama ni chai, nitajibu, maana wapo wasomaji wenye hadithi hii hii wamekaa kimya. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hadi miaka saba. Kughushi kuna kesi yake mbali. Wakala jina lake halipo kwenye karatasi hata moja, lako lipo kwenye zote. Jumatatu ukienda ukadanganya tena mbele ya mpelelezi, hapo umejifungia mlango mwenyewe. Tafuta wakili kabla ya Jumatatu, mweleze yote, mliondoe dai. Mwanzo wa kujisaidia ni huyo mwalimu afutiwe mguu wako kwenye kesi yake.

Kijana_Veyula
Nikiliondoa, wakala atanifuata nyumbani. Anapajua. Kwani siwezi kwenda tu na picha ya pili nione itakuwaje?

Bi_Mkubwa_Makole
Huyu alishaamua kabla hajafungua uzi. Alitaka tumshikie mkono wakati anavuka.

Suka_wa_Kondoa
Samahani, naingilia. Mimi ni dereva, nilikuwa abiria kwenye Noah iliyopinduka njia ya Kondoa mwaka jana. Nyonga yangu ina vyuma. Dai langu liko kampuni moja ya bima tangu mwaka jana hiyo hiyo, kila wiki wanataka karatasi mpya. Wameomba barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Wameomba shahidi aliyeniona nikitolewa garini. Mara ya mwisho yule afisa aliniambia usoni, "Kaka, siku hizi abiria wa uongo ni wengi kuliko wa kweli." Nilikuwa nimemsimamia pale na magongo. Nimesoma huu uzi wote ndiyo nimemwelewa, ingawa simsamehi. Mimi sasa nafanyaje?

Dada_wa_Ajira
Pole sana kaka. Andika barua ya malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza, ibaki na muhuri wao wa kupokea. Wakikaa kimya au wakikukatalia, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. TIRA nao makao yao makuu yapo hapa hapa Dodoma, unaweza kupeleka malalamiko kwa mkono. Ulikuwa safarini kikazi siku hiyo au kwa mambo yako?

Suka_wa_Kondoa
Nilikuwa natoka kumpelekea bosi spea za gari.

Dada_wa_Ajira
Basi ulikuwa kazini. Na WCF pia inakuhusu, ila angalia hiyo miezi 12. Tarehe ya ajali ni ipi? Nifuate pembeni leo leo.

Suka_wa_Kondoa
Nimekufuata dada. Mungu akubariki.

Kijana_Veyula
Na huyo Msuluhishi, mimi naweza kumpelekea langu kabla ya Jumatatu?

Bi_Mkubwa_Makole
Wewe kaa hapo hapo.